Meza Yako Ina Magurudumu Mawili: Kula na Kunywa Kwenye Kilomita 180

Hotuba hii ilitolewa Nairobi mbele ya waendesha baiskeli na wanatriathloni wanaojiandaa kwa mashindano ya masafa marefu. Tunaiweka hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu zangu, makocha, wazazi, na nyinyi mnaoamka saa kumi alfajiri kuwabebea wenzenu chupa: asanteni kwa kuja.

Niwaulize jambo kabla sijafika mbali. Ni wangapi hapa wamemaliza kilomita 180 za baiskeli, wakavaa viatu vya mbio, na kabla ya kilomita ya kumi miguu ikakataa? Naona mikono. Naona mikono mingi. Mkiulizwa sababu mtasema mazoezi hayakutosha, na kocha atawaongezea mazoezi. Mimi nawaambia kwamba mara nyingi mazoezi yalitosha. Kilichopungua ni chakula na maji, na vilipungua saa nne kabla ya miguu kukataa.

Yatazameni mashindano yenyewe, triathloni ya Ironman, yalivyo. Unaogelea kilomita 3.8, na majini huli wala hunywi, labda maji ya chumvi unayoyameza bila kupenda. Mwishoni unakimbia kilomita 42.2, na hapo tumbo linarushwarushwa kila hatua, damu imekwenda miguuni, na chakula kinakaa tumboni kama kilivyoingia. Katikati kuna saa tano, sita, hata saba ambazo umeketi, kifua kimetulia, mikono inafikia chupa. Basi utakula wapi kama si hapo? Baiskeli ndiyo meza yako. Atakayeondoka mezani na njaa hatapata meza nyingine.

Tuanze na hesabu ya nguvu. Mwili wa mtu mzima aliyekula vizuri huweka akiba ya wanga kiasi cha gramu 400 hadi 500 kwenye misuli na kama gramu 100 kwenye ini. Zijumlishe: ni kilokalori 2,000 hadi 2,400. Mwendesha baiskeli anayesukuma pedali kwa nguvu ya wati 190 anatumia karibu kilokalori 700 kwa saa. Kwa saa sita anapita 4,000, na mbio bado hazijaanza. Mafuta ya mwili yanalipa sehemu ya deni hilo, lakini yanalipa polepole, na kadiri unavyosukuma kwa nguvu ndivyo mwili unavyoyaacha mafuta na kuishambulia akiba ya wanga. Ndiyo maana anayewafukuza wenzake kilomita 40 za kwanza hachoshi miguu peke yake: anakula akiba ya marathoni yake mwenyewe.

Sasa, je, unaweza kula kila unachotumia? Huwezi. Utumbo una kiwango chake. Glukosi, aina moja ya sukari, hupita kwa njia yake, na njia hiyo inajaa kwenye gramu 60 hivi kwa saa. Ukimimina zaidi, ziada inabaki tumboni, inavuta maji, na ndipo tumbo linapojaa, linapouma, linapokupeleka kichakani. Fruktosi, sukari ya matunda, hupita kwa njia nyingine kabisa. Ukizichanganya mbili hizo, unaweza kufika gramu 90 kwa saa, na wachache waliolizoesha tumbo wanafika 120. Uwiano unaofanya kazi ni sehemu mbili za glukosi kwa moja ya fruktosi. Siku hizi wengi wanakaribia moja kwa 0.8.

Chris Froome, bingwa wa baiskeli, mnamjua. Alizaliwa hapa Nairobi mwaka 1985, na baiskeli alifunzwa na David Kinjah kule Kikuyu. Tarehe 18 Julai 2013 alikuwa amevaa jezi ya manjano, jezi ya anayeongoza Tour de France, siku ambayo mlima wa Alpe d'Huez ulipandwa mara mbili. Zikiwa zimebaki kama kilomita tano, mwenye jezi ya manjano aliinua mkono. Sukari mwilini ilikuwa imekwisha. Mwenzake Richie Porte alirudi nyuma kwenye gari la timu akamletea jeli, kile kipakiti cha wanga laini wa kumeza, mahali ambapo kanuni hazikuruhusu tena kupokea chakula, na wakaadhibiwa kwa sekunde 20. Mapafu yale, miguu ile, timu yenye kila kitu, na bado kijeli kimoja kikawa jambo la kuadhibiwa!

Miaka mitano baadaye, tarehe 25 Mei 2018, Froome huyohuyo kwenye Giro d'Italia alishambulia kwenye mlima wa Colle delle Finestre, zikiwa zimebaki kilomita 80, akaenda peke yake hadi mwisho. Siku mbili baadaye akaichukua Giro. Mlimani timu ilikuwa imewapanga wafanyakazi wake kando ya barabara ya changarawe, wamemngoja na chupa na chakula, ili asibebe uzito wala asikose kitu. Siku ya kwanza njaa iliamua namna alivyopanda, na ya pili iliamuliwa na mpango wa chakula.

Mtaniambia: sisi hatuna timu wala pesa za jeli za dukani kila Jumapili. Sawa. Mnayo sukari? Sukari ya kawaida ya jikoni ni nusu glukosi na nusu fruktosi. Glukosi ya unga inauzwa kwenye duka la dawa na supamaketi. Chukueni mizani ya jikoni, si kijiko, kwa sababu kijiko cha huyu kimejaa na cha yule kimesawazishwa. Pimeni gramu 40 za sukari na gramu 20 za glukosi. Tieni kwenye chupa ya mililita 750, ongezeni robo ya kijiko cha chai cha chumvi (hiyo ni kama gramu 1.5, yenye miligramu 600 hivi za sodiamu), kamulieni ndimu, tikiseni. Hapo mna gramu 60 za wanga kwa uwiano wa mbili kwa moja, kwenye maji yenye asilimia nane ya sukari, kiwango ambacho tumbo la wengi hukipitisha bila shida. Ongeza ndizi moja mbivu ya wastani, yenye kama gramu 25, na kwa saa hiyo moja umefikisha gramu 85. Ndizi iwe mbivu kweli, yenye madoa. Tende pia ni nzuri, ila mbegu itolewe nyumbani. Barabarani hakuna mkono wa kuitolea.

Anayetaka gramu 90 zote zikae kwenye chupa aweke 60 za sukari na 30 za glukosi, lakini ajue kwamba chupa hiyo ni nzito, asilimia 12. Kila akiinywa, afuatishe na maji matupu. Vivyo hivyo na jeli: jeli hushushwa kwa maji, kamwe si kwa kinywaji cha sukari. Kosa hili naliona kuliko lolote jingine, na ndilo linalozaa tumbo gumu kwenye kilomita ya 120.

Na tumbo hufundishwa. Usisikie gramu 90 hapa leo, ukaenda kuzimeza kesho barabara ya Limuru. Anza na 40 kwa saa kwenye safari zako ndefu. Kila wiki ongeza 10. Tumbo likikataa kwenye 70, kaa kwenye 70 wiki mbili, kisha jaribu tena. Fanya hivyo kwa mwendo wa mashindano, kwa sababu chakula kinachopita ukiwa unapiga gumzo na wenzako kinaweza kukataa kabisa ukiwa umeinama mbele juu ya usukani, tumbo limebanwa.

Siku moja kabla ya mashindano kula gramu 8 hadi 10 za wanga kwa kila kilo yako. Mtu wa kilo 70 ni gramu 560 hadi 700, ambazo ni nyingi, hivyo zigawe siku nzima: ugali, wali mweupe, mkate mweupe, viazi vilivyomenywa, uji wenye sukari. Githeri, maharagwe na sukuma wiki tunavipenda, na siku nyingine zote viliwe, lakini siku hiyo moja viacheni jikoni. Nyuzi zake zitakuwa bado tumboni asubuhi. Kama mbio zinaanza saa moja asubuhi, kifungua kinywa ni saa kumi alfajiri, kwa sababu akiba ya ini hupungua usiku mtu akiwa amelala. Uji, mkate na asali, ndizi. Hakuna mayai ya kukaanga, hakuna nyama.

Nakuja kwenye maji, na hapa ndipo Nairobi inapotudanganya.

Tunaishi karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi tunatoka na koti. Tunapanda Limuru ndani ya ukungu, tunarudi na chupa ya pili haijaguswa, na tunajiambia: mimi si mtu wa kunywa sana. Kisha tunashuka Mombasa au Kilifi, au tunasafiri hadi Durban, tunakutana na joto na unyevu, jasho linatiririka bila kukauka mwilini, na tunakunywa kwa kipimo cha Limuru. Mwili ni uleule, lakini jasho linaweza kuwa mara mbili. Umepima wapi, ndugu yangu? Ulipima mahali utakaposhindana, au ulipima nyumbani?

Mashindano ya kwanza kabisa ya Ironman yalifanyika Hawaii, kisiwa cha Oahu, Februari 1978. Walianza watu 15, wakamaliza 12. John Dunbar alikuwa mbele akishuka kwenye baiskeli. Wakati huo kila mshindani alikuja na watu wake wa kumhudumia, na watu wa Dunbar wakaishiwa maji katikati ya mbio. Wakampa bia. Gordon Haller akampita na kushinda kwa saa 11, dakika 46 na sekunde 58. Bia ni hadithi ya kuvutia, lakini mimi natazama maji yaliyokwisha. Hakuna aliyekuwa amekaa chini akahesabu lita ngapi zinahitajika kwa saa ngapi.

Basi tuhesabu. Jipime uzito bila nguo, umekwenda haja, kabla ya kutoka. Endesha saa moja kwa mwendo wa mashindano. Pima ulichokunywa. Rudi, jikaushe jasho, jipime tena bila nguo. Kilo moja iliyopungua ni lita moja ya jasho. Mfano: ulitoka na kilo 70.0, umerudi na 69.2, na njiani umekunywa nusu lita. Jasho lako ni 0.8 ongeza 0.5, yaani lita 1.3 kwa saa. Kama ulisimama kukojoa, punguza kiasi hicho. Andika pia joto la siku hiyo, maana nambari bila joto lake haina faida. Rudia asubuhi ya baridi, rudia mchana wa jua kali.

Mchana wa jua kali hatuukosi. Tunayo barabara ya Magadi. Ukitoka Kiserian, ukapita Corner Baridi, unashuka zaidi ya mita elfu moja kuelekea Olorgesailie na Magadi, na kila kilomita joto linapanda. Hiyo ndiyo maabara yetu. Lakini msiende kama mnaenda Karen! Kadiri unavyoshuka, maduka yanapungua na vivuli vinapungua, na kurudi ni kupanda, mchana, upepo umekauka. Nendeni na gari lenye maji, hesabuni lita moja na nusu kwa kila mtu kwa kila saa, na anayeanza kuhisi baridi juani au kuacha kutoka jasho aingie garini papo hapo, bila mjadala.

Ukishaijua nambari yako, unakunywa kiasi gani? Si lazima urudishe tone kwa tone. Wengi huanza kulegea wakipoteza asilimia mbili ya uzito, hasa kwenye joto. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni kilo 1.4. Mwenye jasho la lita 1.2 kwa saa, akinywa lita moja, baada ya saa sita amepungukiwa na lita 1.2. Yuko salama, anaweza kukimbia. Mwenye jasho la lita 1.6 ana shida nyingine: tumbo la wengi halipitishi zaidi ya lita moja na kidogo kwa saa. Huyu hataokolewa na kunywa pekee. Atajimwagia maji kichwani, shingoni na kwenye mikono kila kituo, atatia barafu ndani ya jezi, na atapunguza wati kumi au kumi na tano. Najua kupunguza wati kunauma. Kutembea kilomita 30 za marathoni kunauma zaidi.

Weka saa yako itoe mlio kila dakika 15. Mlio mmoja, mafunda matatu au manne, kama mililita 200, na sehemu ya chakula chako. Haba na haba. Anayesahau dakika 40 kisha akamimina chupa nzima kwa mpigo atakuwa na chupa nzima tumboni ikicheza. Dakika 20 za kwanza baada ya kutoka majini chukua maji kidogo tu. Moyo bado unapiga kwa kasi na huenda umemeza maji ya bahari. Mapigo yakishuka, anza kula. Usingoje njaa, kwa sababu njaa ikifika kwenye baiskeli umeshachelewa.

Sasa sikilizeni hili kwa makini, kwa sababu linaua.

Kuna watu wametishwa na jua hadi wanakunywa kupita kiasi. Maji matupu mengi kuliko jasho yanaipunguza sodiamu kwenye damu, seli zinavimba, na ubongo hauna nafasi ya kuvimbia. Kwenye marathoni ya Boston ya mwaka 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliofika mwisho. Asilimia 13 walikuwa na sodiamu iliyoshuka chini ya kiwango salama. Mwaka huohuo, mkimbiaji mmoja kwenye mbio hizo alifariki kwa tatizo hili. Na dalili iliyojitokeza kuliko zote ni hii: waliokuwa hatarini walimaliza wakiwa wameongezeka uzito. Umekimbia marathoni nzima, ukamaliza mzito kuliko ulivyoanza! Hilo haliwezi kuwa jambo jema.

Kwa hiyo kanuni ni moja, na nairudia. Usinywe kuliko jasho lako. Usinywe kuliko jasho lako. Pete ikibana kidole, mkanda wa saa ukibana, kichwa kikiuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa: acha maji matupu, tafuta daktari, na umwambie ulikunywa kiasi gani. Wanaokuhudumia nao wajue, maana mtu aliyechanganyikiwa juani kila mmoja hukimbilia kumnywesha, na kwa huyu kumnywesha ni kumwongezea ugonjwa.

Chumvi husaidia, ila haimlindi anayekunywa kupita kiasi. Jasho la watu halifanani. Lita moja inaweza kuwa na miligramu 200 za sodiamu kwa huyu na zaidi ya 1,500 kwa yule. Tazama jezi yako nyeusi ikikauka, na mikanda ya helmeti. Ukiona ramani nyeupe, wewe ni mwenye chumvi nyingi, na ile robo ya kijiko kwenye chupa unaweza kuipandisha kidogo, polepole, kwenye mazoezi kwanza. Mwenye shinikizo la damu aongee na daktari wake kabla. Na dawa za maumivu za jamii ya ibuprofen ziacheni nyumbani siku hiyo. Zinachokoza tumbo, zinailemea figo iliyokosa maji, na zinaifanya hatari ya sodiamu kushuka iwe kubwa zaidi.

Kahawa na kafeini nitazigusa tu: miligramu 3 kwa kilo zinatosha, na zaidi ya hapo wengi hupata mtetemeko na choo cha haraka kuliko kasi.

Chupa zenyewe jamani. Kabla ya kuwaza unga wa aina gani, kazeni skrubu za vishikio. Chupa za nyuma ya kiti huruka kwenye matuta, na barabara zetu matuta tunazo. Inayoruka mara nyingi ndiyo ile iliyobeba wanga wa saa tatu. Iwekeni hiyo kwenye fremu, nyuma wekeni ya maji. Kwenye kituo cha maji tupa chupa tupu mapema, ndani ya eneo lililotengwa, punguza mwendo, mwoneshe kwa kidole yule mhudumu unayemtaka, taja kwa sauti unachotaka, pokea. Jizoezeni hili uwanjani, mmoja asimame, mwingine apite. Halafu ulizeni waandalizi mapema kituo kinatoa kinywaji gani, mkakinywe nyumbani mwezi mzima kabla.

Nimalizie na bingwa aliyezaliwa Afrika. Paula Newby-Fraser alizaliwa Zimbabwe, akakulia Durban, na hakuna mwanamke aliyeshinda Ironman ya Hawaii mara nyingi kama yeye: mara nane. Mwaka 1995 alikuwa tayari na saba. Alishuka kwenye baiskeli akiwa mbele sana ya Karen Smyers. Smyers akaanza kumkaribia, na Newby-Fraser, akiogopa kupoteza sekunde, akapita vituo vya mwisho bila kuchukua kitu. Mita mia chache kabla ya mstari miguu ilimwacha. Akapepesuka, akaketi barabarani, akavua viatu. Smyers akampita na kushinda. Ilimchukua Newby-Fraser kama dakika 20 kuinuka na kutembea hadi mwisho, akawa wa nne. Mtu aliyeyajua mashindano yale kuliko yeyote duniani! Aliokoa sekunde kumi kwenye kituo, akalipa dakika 20. Mwaka uliofuata alirudi, akachukua taji la nane.

Kwa hiyo kazi ya wiki hii ni hii. Jumamosi tunatoka Kiserian saa kumi na mbili asubuhi, tunashuka hadi Olorgesailie na kurudi. Mizani itakuwa kwenye gari, na turubai ya kujisitiri. Kila mmoja aje na chupa zilizoandikwa jina na mililita, na karatasi yenye safu tano: uzito wa kutoka, uzito wa kurudi, ulichokunywa, wanga uliokula, na joto. Anayeanza anakula gramu 40 kwa saa, wala asione haya. Jumapili jioni makocha watakaa na kila karatasi, na hapo ndipo tutapanga chupa za kila mtu. Sasa nipeni maswali.